Nguo zanuka uvundo msimu wa mvua: je, ninunue mashine ya kukausha?

Swali: Naishi Migosi, Kisumu, ghorofa ya tatu, nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule ndogo. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto wa gredi ya tatu na mwingine wa miezi saba anayevaa nepi za kitambaa. Maji ya mfereji huja siku kadhaa tu kwa wiki, siku nyingine tunanunua kwa mtungi. Kamba za kule juu ya paa tunagombania, na nguo huibwa. Tangu mvua za masika zianze tunaanika ndani, na nguo zinanuka uvundo hata baada ya kufuliwa upya. Nimeweka akiba ninunue mashine ndogo ya kufulia. Muuzaji ananishauri nichukue ya mlango wa mbele pamoja na draya, yaani mashine ya kukausha, ya kilo 3 ya kutundika ukutani. Nimsikilize?

Jibu: Dada, draya achana nayo. Na hiyo ya mlango wa mbele, kwa hali ya maji uliyoeleza, itakusumbua. Nunua mashine ya mapipa mawili, ile ambayo upande mmoja unafua na upande wa pili unakamua. Ukibaki na pesa, ongeza feni ya kusimama kama huna.

Anza na hesabu ya maji, maana ndiyo inayoamua kila kitu hapa. Chukua kilo 3 za nguo za pamba, zilizopimwa zikiwa kavu. Ukizikamua kwa mkono zinabaki na lita 3 za maji au zaidi, hata kama unadhani umekamua ukamaliza. Ukizikamua kwa mashine dakika tano, zinabaki na karibu lita 2. Mota ya pipa la kukamulia ni ya wati 150 hadi 200 hivi, kwa hiyo dakika hizo tano hazifiki hata yuniti 0.02 za tokeni. Sasa, kuigeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji karibu yuniti 0.7 hata pasipotee chochote, na draya ndogo hupoteza, kwa hiyo ihesabie yuniti moja nzima kwa kila lita. Yaani lita ile ile inayotolewa na mkamuo kwa umeme usiohisiwa, draya inaitoa kwa umeme zaidi ya mara 50. Mtu mwenye draya anayekamua kwa mkono anachoma tokeni bure, na mwenye mkamuo mzuri mara nyingi haihitaji draya.

Tatizo la pili la draya hiyo ya ukutani ni mahali mvuke unapokwenda. Zile ndogo za bei nafuu hupuliza hewa yenye unyevu nje kupitia bomba, na kama bomba halijatobolewa ukutani, mvuke wote unabaki chumbani mwako. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5 kina mita 30 za ujazo wa hewa. Hewa ya nyuzi 25 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 23 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, na msimu wa mvua Kisumu huwa tayari imebeba robo tatu ya kiasi hicho. Nafasi iliyobaki chumbani ni kama gramu 170, haijai hata glasi moja. Nguo zako zina lita 2. Ndiyo maana ukifunga madirisha ukaanika ndani, nguo hukwama zikiwa nusu mbichi, kuta zinatoa jasho na kuvu jeusi linaota nyuma ya kabati. Kinachokausha nguo ndani ya nyumba ni hewa inayoingia na kutoka. Joto peke yake halitoshi.

Sasa hiyo ya mlango wa mbele. Ni mashine nzuri, inafua vizuri na haichakazi nguo. Lakini nyingi zinataka presha ya maji isiyopungua nusu ba (ba ni kipimo cha presha), na presha hiyo huipati mpaka tangi liwe mita 5 hivi juu ya mfereji wako. Wewe uko ghorofa ya tatu. Kama juu yako ni paa moja tu na tangi limekaa pale, pima umbali huo kwa macho kabla hujalipa. Presha ikiwa ndogo mashine inasubiri maji, inasubiri, kisha inaonyesha kosa na kusimama. Siku ya maji ya mtungi ndiyo kabisa huwezi, kwa kuwa inavuta maji kwa valvu yake yenyewe na kuyapima yenyewe. Stima ikipotea katikati, mlango umejifunga na nguo za mtoto zimelala ndani ya maji ya sabuni. Ile ya mapipa mawili unaimwagia kwa ndoo, unaona maji, unaisimamisha unapotaka, na stima ikirudi unaendelea ulipoachia.

Jambo moja muuzaji asikuchanganye nalo: kasi ya mzunguko. Atakuambia hii ya mapipa mawili inakamua kwa 1,300 kwa dakika na ile nyingine kwa 1,000 tu. Namba hizo hazilinganishwi hivyo, kwa sababu nguvu ya kukamua inategemea pia upana wa kikapu. Kikapu cha sentimita 22 kikizunguka mara 1,300 hukamua sawa na pipa la sentimita 48 linalozunguka mara 900 hivi. Bado ni mkamuo mzuri kwa nguo zako, ila usidhani umepata maajabu.

Vile vimashine vya kukunja vya plastiki vinavyouzwa mtandaoni vinatosha soksi na nepi chache kwa wakati mmoja. Kwa watu wanne, hapana.

Kwa familia yako chukua ya kilo 7. Hiyo kilo 7 ni ya pipa la kufulia likijazwa mpaka mwisho. Ukitaka nguo zitakate, tia kilo 3 hadi 4. Kukupa kipimo cha macho: taulo kubwa ni nusu kilo na ushei, jinzi ya mtu mzima ni gramu 600 au 700, shuka la kitanda cha watu wawili ni kama jinzi moja, fulana ni gramu 150 hadi 200. Nguo zikizama na ukaziona zikipanda na kushuka, kiasi ni sawa. Zikizunguka kama bonge moja, punguza.

Maji ndiyo yenye thamani kwako, kwa hiyo fua kwa mfuatano. Jaza pipa lita 40, yaani mitungi miwili. Yeyusha gramu 50 hadi 60 za sabuni ya unga kwenye jagi la maji ya vuguvugu kwanza, ndipo umimine. Unga ukimwagwa juu ya nguo huacha mabaka meupe kwenye sweta za shule. Anza na nguo nyeupe na za mtoto, dakika 10. Zitoe, zikamue, kisha kwenye maji yale yale tia za rangi, na mwisho jinzi na nguo za giza. Kila awamu inaondoka na maji kidogo, kwa hiyo ongeza kama lita 5 na kijiko cha sabuni unapoendelea. Nepi zisiingie kwenye mfuatano huu. Zenyewe zisuuzwe kwa maji baridi mpaka uchafu utoke, zilowekwe, kisha zifuliwe peke yake dakika 15.

Kosa ninaloliona mara nyingi, hata kwa mama fua wenye uzoefu, ni kusuuza kabla ya kukamua. Nguo za kilo 3 zinazochuruzika zina karibu lita 6 za maji ya sabuni. Ukizitumbukiza hivyo kwenye karai la lita 20, karibu robo ya sabuni inabaki. Ukizikamua kwanza dakika mbili, zinaingia na lita 2 tu, na kinachobaki hakifiki sehemu moja ya kumi. Rudia mara ya pili na umebaki na chini ya asilimia moja, ilhali yule asiyekamua bado ana asilimia tano. Kukamua kabla ya kusuuza kunakuokolea karai zima la maji. Halafu maji ya kusuuzia mara ya pili ya awamu ya kwanza yawe ya kusuuzia mara ya kwanza awamu inayofuata. Kwa mpango huo kilo 9 za nguo, kwa awamu tatu, zinamalizwa kwa lita 130 hivi: mitungi sita na nusu. Maji machafu ya mwisho yakinge kwa ndoo, ni ya choo na ya kupigia deki.

Maji ya ziwa ni laini na hayali sabuni nyingi. Ya kisima huwa na chumvi zaidi na povu hukatika upesi. Ongeza sabuni theluthi moja. Siku za mvua kubwa maji yakija ya rangi ya udongo, yaache yatulie usiku kucha kwenye ndoo kabla ya kufulia nyeupe. Kipande cha shabu kikizungushwa ndani kinaharakisha matope kushuka. Na kama maji ya kisima yana madini ya chuma, usitie Jik kwenye nguo nyeupe. Jik inayageuza madini hayo kuwa kutu ndani ya uzi, na nguo uliyotaka ing'ae inatoka ya manjano.

Kwenye kukamua ndipo mashine nyingi huharibikia, kwa hiyo soma hapa polepole. Pipa la kukamulia linachukua kidogo kuliko la kufulia, kwa hiyo kila awamu nzito igawe mara mbili. Usidondoshe nguo kama unavyotia kwenye gunia. Chukua vazi moja moja, likunje kuwa utepe, ulizungushe kufuata ukuta wa kikapu, zito chini na nyepesi juu, mpaka katikati kubaki tundu unaloweza kupitisha mkono. Taulo moja isikae peke yake upande mmoja. Iwe na mwenzake upande wa pili. Kisha lalia juu ile sahani ya plastiki yenye matundu iliyokuja na mashine, uisukume mpaka ikae sawa chini ya mdomo wa kikapu. Wengi huitupa wakidhani ni ya kufungashia. Bila hiyo, soksi hupanda, inaruka nje ya kikapu na kuingia kati ya kikapu na ganda, na kikapu kinakwama kabisa.

Washa dakika moja kwanza. Ikianza kugonga ganda, zima, fungua, panga upya; usiikandamize kwa mikono. Ikitulia, malizia dakika tano. Nguo za sintetiki zinatosha dakika mbili, zaidi ya hapo ni mikunjo tu. Kikapu kisimame chenyewe ndani ya sekunde 15 baada ya kufungua kifuniko. Kikiendelea kuzunguka, breki imelegea na mtoto wako wa gredi ya tatu asiikaribie mpaka fundi aikaze.

Tuje kwenye uvundo, kwa kuwa mashine mpya haitauondoa kama chanzo bado kipo kwenye nguo. Harufu ile ya nguo iliyokauka polepole hutokana zaidi na bakteria, hasa aitwaye Moraxella osloensis, anayestahimili kufuliwa kwa maji baridi na kuamka kila nguo inapokaa na unyevu kwa saa nyingi. Ndiyo maana shati linanukia vizuri asubuhi, ukilivaa ukatoka jasho saa nne linaanza kunuka tena. Sabuni zaidi haisaidii. Mafuta ya kulainisha nguo yanazidisha, kwa kuwa yanafunika uzi na maji hayapiti vizuri.

Unachohitaji ni joto na kiondoa madoa cha unga cha aina ya oksijeni, kile kisichofifisha rangi. Chemsha maji, uyachanganye nusu kwa nusu na ya mfereji ndani ya karai: kwa Kisumu, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, utapata karibu nyuzi 60. Tia unga kwa kipimo cha kwenye kopo, loweka taulo, fulana, vitambaa vya jikoni na shuka kwa saa moja, kisha fua kama kawaida. Sufu na hariri zisiingie. Fanya hivi mara moja kwa kila nguo inayonuka, na baadaye mara moja kwa mwezi kwa taulo. Maji hayo ya moto yawe ya karai, si ya mashine. Plastiki ya pipa na mipira yake haipendi zaidi ya nyuzi 50, ambayo utaipata ukichanganya kipimo kimoja cha maji yaliyochemka na viwili vya baridi. Tafadhali, Jik na siki visikutane kwenye chombo kimoja: vinatoa gesi ya klorini, nawe una mtoto mchanga ndani.

Ukishaua bakteria, usimpe nafasi tena. Nguo zisilale kwenye pipa baada ya kukamuliwa, hata saa moja. Lengo ni zikauke ndani ya saa sita hadi nane. Kisumu, mara nyingi asubuhi huwa na jua na mvua huja alasiri au jioni, kwa hiyo fua usiku baada ya watoto kulala. Kamua, anika ndani kwenye kifremu cha kukunja, washa feni. Kufikia saa moja asubuhi zile nyepesi zimekauka. Nzito zipeleke kwenye kamba ya juu kwa saa tatu nne ukiwa nyumbani, kisha uanue kabla ya saa saba. Nguo za saa tatu kambani, mwenyewe upo, si rahisi kuibwa kama zile za kushinda.

Feni isielekezwe kwenye nguo kutoka mbele kama unavyompepea mtu. Iweke ubavuni, upepo upite kati ya mistari ya nguo, na uelekee dirishani ambalo limefunguliwa. Fungua na dirisha au mlango wa upande wa pili, hata kwa kiganja kimoja, hewa kavu ipate njia ya kuingia. Kati ya nguo na nguo acha upana wa kiganja. Jinzi igeuzwe ndani nje, mifuko itolewe nje, ianikwe kwa kiuno ikiwa wazi kwa vibanio vinne. Shati kwenye hanga, vifungo vimefunguliwa. Taulo isikunjwe katikati juu ya kamba. Iache theluthi upande mmoja na theluthi mbili upande mwingine, pande hizo zisigusane. Feni ya wati 55 ikikesha saa sita inakula yuniti 0.33. Linganisha na yuniti 2 za draya kwa mzigo ule ule.

Mwenye kusoma haya akiwa Kakamega au Kericho, ambako mvua ya alasiri hairuhusu mzaha, afuate ratiba hiyo hiyo. Aliye Nakuru ana hewa kavu zaidi na upepo, shida yake ni vumbi la kiangazi: aanike asubuhi mapema kabla upepo haujaamka.

Nguo za mtoto na za ndani zikianikwa nje, zipigwe pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono na mipira ya kiuno. Nzi wa embe hutaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizo kivulini, na buu likitoka huingia ngozini na kufanya jipu. Pasi ya moto inaua mayai. Zinazokauka ndani ya nyumba yenye wavu mzima dirishani hazina shida hiyo.

Ukiipeleka mashine nyumbani, iweke mahali sakafu iko sawa. Ikiyumba kwa kona moja, kila mkamuo utakuwa kelele. Bomba la kutolea maji lilale chini mpaka kwenye tundu la sakafu. Mashine nyingi za aina hii hazina pampu, maji hushuka yenyewe, na bomba likiinuliwa hata sentimita 10 maji hubaki chini ya kikapu, povu linakishika na mota inalemewa. Ukiona kikapu kinazunguka kwa uvivu na povu linatoka bombani, ni hilo: mwaga maji, suuza, anza tena na sabuni nusu. Mota ikivuma bila kuzunguka, zima mara moja. Inaweza kuwa soksi iliyokwama, stima kuwa hafifu jioni, au kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imechoka. Kapasita ni kitu kidogo na cha bei nafuu, fundi asikuuzie mota kabla hajaijaribu. Harufu ya mpira kuungua upande wa kufulia ni mkanda unaoteleza, aidha umelegea au umejaza nguo kupita kiasi.

Tumia soketi ya ukutani yenye waya wa ardhi. Ukihisi ganda linakutekenya mikono ikiwa mbichi, usiendelee kufua hiyo siku; ita fundi wa stima. Kichujio cha nyuzi kisafishwe kila ukimaliza, vifuniko viachwe wazi mpaka mapipa yakauke.

Dukani, kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiinamishe uione chini. Zipo zilizo wazi kabisa, panya huingia na kukata waya na mkanda ndani ya mwezi. Chagua iliyofungwa kwa bamba au wavu. Kisha zungusha kikapu cha kukamulia kwa kidole: kizunguke bila kukwaruza popote, na kifuniko kikifunguliwa usikie breki ikikamata. Omba sahani ya matundu uione kwa macho yako, na uulize kama mkanda na kapasita za modeli hiyo zinapatikana hapa hapa Kisumu au mpaka ziagizwe Nairobi. Asipoweza kujibu hilo la mwisho, nenda duka la pili.